Lojiki siyo akili wala siyo ukweli: tuelewane kwanza kabla ya kuambiana "huna lojiki"

Mwalimu wa Makole:

Wakuu habari za Jumapili. Nafundisha hesabu kidato cha tano na sita hapa Dodoma na topiki ya lojiki ndo naipenda kuliko zote, ndo maana inaniuma nikiona mtu kaandika hoja yake kwa kujitahidi afu wa chini yake anamjibu "huna lojiki" na mjadala unafia hapo. Ukimbana huyo aliyejibu aeleze, utakuta mmoja alimaanisha "sikubaliani na wewe", mwingine "unasema uongo", mwingine "huna akili". Hayo ni mambo matatu tofauti na hakuna hata moja ambalo ndo lojiki.

Lojiki inauliza swali moja tu: tukishakubali yale uliyoanza nayo, je tunalazimika kukubali na hitimisho lako? Haiulizi kama uliyoanza nayo ni ya kweli, hiyo ni kazi ya kwenda kuangalia, kupima, kuuliza waliokuwepo. Wala haiulizi wewe ni nani na umesoma wapi. Inaangalia kama hitimisho limetoka kwenye zile kauli za mwanzo au limeokotwa pembeni.

Chukua hii. "Kila mji mkuu uko kando ya bahari. Dodoma ni mji mkuu. Kwa hiyo Dodoma iko kando ya bahari." Sote tunajua huku hakuna bahari. Lakini hoja yenyewe kwa umbo lake imekaa sawa kabisa, ukikubali zile kauli mbili huna pa kutokea, tatizo ni kauli ya kwanza ambayo ni ya uongo. Sasa geuza: "Kila mji mkuu una ofisi za serikali. Dodoma ina ofisi za serikali. Kwa hiyo Dodoma ni mji mkuu." Hapo kila kauli ni ya kweli, hitimisho nalo ni la kweli, na bado hoja haishiki, maana kwa njia hiyohiyo naweza kukuthibitishia kwamba Singida ni mji mkuu, si nayo ina ofisi za serikali? Hapa ndo wanafunzi huwa wanagoma, mwalimu mbona jibu ni sahihi, nawaambia ndiyo ni sahihi ila hamjalifikia kwa hoja hiyo, Dodoma ni makao makuu kwa sababu ya uamuzi wa mwaka 1973 na sheria iliyotungwa 2018, siyo kwa sababu ina ofisi.

Na hii ya tatu ndo inayotusumbua zaidi. "Mvua ikinyesha mtaani kwetu, korongo linapitisha maji. Leo korongo linapitisha maji. Kwa hiyo mvua imenyesha mtaani kwetu." Mtu aliyekulia huku anajua korongo linaweza kuja limefura maji ya mvua ya huko juu vilimani na hapa mtaani ni vumbi tupu. Ila ukisema "korongo ni kavu, kwa hiyo mtaani kwetu mvua haijanyesha", hiyo inashika, ilimradi ile kauli ya kwanza ni ya kweli. Hizi njia mbili machoni zinafanana sana na watu wanazichanganya kila siku, na siyo kwa makorongo tu. "Ukiwa na malaria unapata homa, mimi nina homa, kwa hiyo nina malaria." Ni umbo lilelile la lile korongo, na watu wanameza dawa za malaria bila kupima kwa hoja hiyohiyo, wakati homa inaletwa na magonjwa chungu nzima. Kwa hiyo mtu asiniambie hii ni topiki ya kupasia mtihani tu.

Neno lenyewe limetoka Ugiriki, kwenye logos, ambalo kwao lilibeba maana nyingi: neno, usemi, hoja, sababu, hesabu. Ndo hilohilo lililojificha kwenye baiolojia, saikolojia, teolojia. Na wanaosoma Injili ya Yohana, pale "Hapo mwanzo kulikuwako Neno", kwa Kigiriki hilo Neno ni Logos. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki (384 hadi 322 KK), ambaye ndiye aliyekaa chini akaandika kwa mpangilio ni maumbo gani ya hoja yanashika na yapi hayashiki, yeye mwenyewe hakuiita kazi yake lojiki, alikuwa anasema uchambuzi. Jina la lojiki lilizoeleka baada yake, na maandiko yake hayo waliomfuata wakayaweka pamoja wakayaita Organon, yaani chombo, kifaa cha kufanyia kazi. Kutoka Kigiriki likaingia Kilatini, likapita Kifaransa, Waingereza wakalipata karne ya 14, na sisi tukalipata kwa Waingereza darasani.

Karibuni, wenye zaidi waongezee.

Mkondoa:

Shukrani mwalimu, ila hapo umesimulia nusu ya safari tu. Waswahili tuna mantiki, na mantiki haikupitia London. Ni Kiarabu, mantiq, mzizi wake ni wa kutamka, kunena. Kwenye Qur'ani sura ya An-Naml aya ya 16 Nabii Suleiman anasema wamefunzwa mantiq ya ndege, na hapo maana yake ni usemi wa ndege, hakuna habari ya Aristotle kabisa. Wanafalsafa walioandika kwa Kiarabu wakimweleza binadamu ni nani walisema ni hayawani natiq, kiumbe anenaye, na kwenye kunena humo wakaweka na kufikiri. Kwa hiyo angalia, Mgiriki alichukua neno lake la usemi akalifanya jina la elimu ya hoja, na Mwarabu alipotafsiri akafanya vilevile.

Na walitafsiri kweli. Baghdad karne ya 9 Hunayn ibn Ishaq na mwanawe Ishaq, Wakristo hao, walikuwa wanahamisha vitabu vya Wagiriki kwenda Kiarabu, na vya Aristotle vilikuwemo. Baadaye akaja mwanafalsafa Al-Farabi wakamwita mwalimu wa pili, wa kwanza ni Aristotle. Halafu Ibn Sina. Al-Ghazali naye, pamoja na kuwakosoa kote wanafalsafa, aliandika kwamba asiyeijua mantiki elimu yake haiaminiki. Wapo waliopinga, Ibn Taymiyya aliandika kabisa kuwajibu watu wa mantiki, lakini somo likabaki kwenye madrasa nyingi mpaka leo.

Mpwapwa Huru:

Wakuu nawasoma wote ila mnanipa mashaka. Yaani kumbe kufikiri kulianza Ugiriki kukapita Baghdad ndo kukafika kwetu? Wazee wetu wa Kigogo walikaa chini ya mti wakaamua kesi za ng'ombe na mipaka ya mashamba na walimshika mtu uongo kwa maswali matatu tu. Huyo Aristotle walikuwa hawamjui. Mi naona lojiki ni taratibu za lugha za watu wengine, sisi tuna busara yetu na inatutosha.

Mkondoa:

Ndugu yangu wa Mpwapwa, hicho ulichosema kimewahi kubishaniwa mbele ya waziri huko Baghdad karne ya 10 na wewe umesimama upande ulioshinda siku ile. Kulikuwa na Abu Bishr Matta, mtu wa mantiki, na Abu Said al-Sirafi, bingwa wa sarufi ya Kiarabu. Matta akasema mantiki ni mizani, unaipimia usemi ulio sawa na usio sawa. Sirafi akamjibu kwa mambo mawili. La kwanza, mizani itakwambia uzito, je itakwambia unachopima ni dhahabu au ni chuma? La pili, mantiki imewekwa na Mgiriki mmoja kufuata lugha ya Wagiriki, sasa Mturuki na Mhindi na Mwajemi na Mwarabu inawahusu nini? Matta akabanwa, na waliosimulia wanasema Sirafi aliondoka na sifa zote.

Ila mimi jibu lililonikaa ni la Al-Farabi: sarufi inatoa kanuni za lugha ya taifa moja, mantiki inatoa kanuni ambazo mataifa yote yanashirikiana.

Mwalimu wa Makole:

Mkondoa ubarikiwe, hiyo ya dhahabu na chuma ndo nilichokuwa nahangaika kukieleza kwa mifano mitatu. Sirafi alikuwa sahihi kwamba mizani haikwambii ni chuma au dhahabu, na lojiki haikwambii kauli yako ya mwanzo ni kweli. Ila hilo halifanyi mizani iwe bure.

Mpwapwa Huru, mzee wako aliyemshika mwongo kwa maswali matatu alikuwa anatumia lojiki tena ile yenyewe. "Umesema ulilala Kongwa usiku ule. Aliyelala Kongwa hawezi kuwa alikuwa zizini hapa alfajiri. Na watu wawili wamekuona zizini alfajiri." Hapo mtu hana pa kwenda: ama hakulala Kongwa, ama wale mashahidi wanadanganya. Aristotle hakugundua kufikiri, alichofanya ni kuandika maumbo ambayo watu walikuwa wanayatumia tayari, na hakuwa peke yake, Wahindi walikuwa na shule nzima ya Nyaya iliyokaa karne na karne kuchambua hoja inajengwaje. Ni sawa na kusema Kigogo hakina sarufi kwa sababu hakikuandikiwa kitabu cha sarufi zamani. Kina sarufi, na aliyekulia ndani yake anaifuata bila kuisomea.

Busara naiheshimu ila naitenganisha. Busara inajua lini useme na lini unyamaze, nani aumie na nani asiumie. Mzee mwenye busara anaweza kumaliza kesi kwa suluhu wakati hoja za pande zote mbili zina matundu. Tunazihitaji zote mbili na moja haikai mahali pa mwenzake.

Binti Ipagala:

Mimi kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao na naomba niongeze la Kiswahili chetu, maana huko ndo ninakopata shida ya kweli. Sentensi kama "wajumbe wote hawajasaini". Mmoja anaelewa hakuna hata mmoja aliyesaini, mwingine anaelewa wapo waliosaini ila siyo wote. Ni maneno yaleyale! Na kila upande utatetea hadi jasho limtoke. Mimi siku hizi naandika "hakuna mjumbe aliyesaini" au naandika "si wajumbe wote waliosaini", naona hapo hakuna mlango wa kubishania.

Pia neno "au". Mtu akikukaribisha "chai au kahawa" anataka uchague kimoja. Fomu ikiandika "lete kitambulisho cha taifa au leseni ya udereva", ukija na vyote viwili hakuna atakayekufukuza. Mwalimu, hiyo lojiki yenu ya darasani inachukua "au" ipi?

Mwalimu wa Makole:

Dada hapo umegusa penyewe. Darasani tunachukua "au" ya fomu: kauli yote ni kweli ikiwa upande mmoja ni kweli au zote mbili ni kweli, inakuwa uongo pale tu zote mbili zikiwa uongo. Ile ya chai na kahawa ipo pia, ila inatajwa kwa jina lake.

Na hiyo ya "wote hawajasaini" naichukua nikawape wanafunzi kesho. Kanuni ni kwamba kinyume cha "wote wamesaini" siyo "hakuna aliyesaini", ni "yupo angalau mmoja ambaye hajasaini". Angalia mijadala ya mitandaoni: mtu anasema "vijana wote wa siku hizi ni wavivu", wewe unamletea kijana mmoja anayelima zabibu pale Hombolo na anajitegemea, kauli yake imeshavunjika. Huhitaji kumthibitishia kwamba vijana wote ni wachapakazi, watu wanajibebesha mzigo ambao lojiki haijawatwisha. Afu na yeye akisema "basi wengi wao", hiyo ni kauli nyingine, hapo sasa alete hesabu.

Saketi:

Mimi nipo UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) nasoma mambo ya kompyuta, huku neno lojiki linatumika kila saa ila kwa maana ambayo hamjaigusa. Tukisema "lojiki ya programu imekosewa" tunamaanisha programu inawaka vizuri, haileti ujumbe wa kosa, ila inafanya kitu ambacho siyo ulichokusudia. Mfano uliandika mteja apewe punguzo akiwa amenunua vitu zaidi ya kumi NA ni mwanachama, kumbe ulitakiwa uandike AU. Kompyuta haitakulalamikia, itafuata ulichosema, na utakuja kujua hesabu za mwisho wa mwezi zikigoma.

Na hii haikuja kwa bahati. Mwingereza George Boole alichapisha kitabu mwaka 1854 akaonyesha kwamba NA, AU, SI unaweza kuzikokotoa kwa aljebra, kweli ni 1 na uongo ni 0. Ikakaa kama hesabu ya watu wa vyuoni tu zaidi ya miaka themanini, mpaka mwanafunzi wa Marekani Claude Shannon kwenye tasnifu yake ya umahiri pale MIT mwaka 1937 akaonyesha kwamba swichi za umeme zinafuata aljebra hiyohiyo. Swichi mbili ukizipanga kwenye waya mmoja zikafuatana, taa inawaka pale tu zote zikiwa zimewashwa, hiyo ni NA. Ukizipanga sambamba, inatosha moja iwashwe, hiyo ni AU. Simu unayosomea uzi huu ndani yake ina mabilioni ya swichi ndogondogo zinazofanya kazi hiyo.

Mwalimu wa Makole:

Saketi asante sana, na waliosoma hesabu za advansi wanakumbuka mwisho wa topiki ya lojiki unachora saketi za swichi, watu wengi wanafika hapo wanajiuliza umeme umefuata nini huku. Umefuata Shannon. Natamani kila mwalimu angesema hilo jina kabla ya kuchora ile swichi ya kwanza.

Kuhusu matumizi ya mtaani, yale ya "lojiki ya kufunga barabara saa nane mchana ni nini?", mimi sina ugomvi nayo. Hapo lojiki imekuwa sababu, au kusudio, na maneno yanaruhusiwa kutanuka, logos yenyewe ilikuwa inabeba sababu ndani yake tangu Ugiriki. Ninachokataa ni "huna lojiki" kama tusi kwa mtu, maana lojiki inahusu hoja. Ukiona hoja haishiki onyesha ni wapi inakatika: hitimisho hili halitoki kwenye kauli hii, kwa sababu ipo hali ambayo kauli ni kweli na hitimisho ni uongo. Itaje hiyo hali. Ukishindwa kuitaja, basi labda unachopinga ni ile kauli ya mwanzo, na hapo sema siyo kweli, leta ushahidi. Kwa nini hatufanyi hivo? Naamini ni kwa sababu tunafundishwa mdahalo kama mchezo wa kushangiliwa, anayepigiwa makofi ndo mshindi, na makofi yanaenda kwa mwenye sauti na misemo.

Kidato cha Tano PCM:

Shikamoo mwalimu. Mimi nina swali kwenye jedwali la ukweli, lile la kuonyesha kauli inakuwa kweli au uongo kwa kila hali. Pale kwenye "ikiwa P basi Q" (P na Q ni kauli yoyote), tunaambiwa P ikiwa uongo kauli nzima inakuwa kweli hata kama Q ni uongo. Nimeikariri ila haiingii akilini, inakuwaje uongo ukazaa kweli?

Mwalimu wa Makole:

Marahaba mwanangu. Swali zuri na wengi wanaishia kukariri kama wewe.

Mimi nakwambia: "ukiniletea kreti la zabibu Jumamosi nitakulipa siku hiyohiyo". Hiyo ni ahadi ya "ikiwa, basi". Umeleta, nikakulipa, ahadi imesimama. Umeleta, sikukulipa, nimekudanganya, na hiyo ndo safu moja tu yenye uongo. Sasa Jumamosi imepita hukuleta na mimi sikukulipa, je unaweza kusimama mbele ya watu ukasema nimevunja ahadi? Huwezi. Na kama hukuleta ila nikakupa hela tu kwa mapenzi yangu, nimevunja ahadi? Bado. Mimi sikusema nitafanya nini usipoleta. Kwa hiyo safu hizo mbili tunaziandika kweli kwa maana kwamba ahadi haijavunjwa. Uongo haujazaa kitu, ila kauli haijapata nafasi ya kuvunjika.

Kidato cha Tano PCM:

Sasa nimeelewa mwalimu. Kwa hiyo nikisema "ikiwa na ikiwa tu" inabadilika nini?

Mwalimu wa Makole:

Hapo ile safu ya kupewa hela bila kuleta zabibu inageuka uongo, kwa sababu "ikiwa tu" imekataza malipo bila mzigo. Zile tatu zinabaki vilevile. Chora jedwali lako safu zote nne uliweke hapa, nitalipitia jioni nikitoka kazini.